Namna ya kufuatilia kimbunga kabla hakijapewa jina, ukiwa Kigoma

Mwezi wa pili, mwaka mmoja, nilimkuta mama mdogo pale mwalo wa Katonga amekaa juu ya ndoo aliyoifunika, dagaa wake bado wamo kwenye mabeseni, na ilikuwa saa nne asubuhi. Jua kali. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanika. Mkononi alishika simu inayosema kwa sauti ya mwanaume asiyejitaja jina kwamba kimbunga kimezaliwa Bahari ya Hindi na kitapiga Ziwa Tanganyika kabla ya kesho jioni.

"Mwanangu, wewe ndiye mwalimu wa jiografia. Kinakuja au hakiji?"

"Hakiji, mama. Anika."

Akaanika, nami nikaenda kazini. Kimbunga kweli hakikuja. Lakini usiku wa tatu mvua ilianza saa sita, ikanyesha mpaka asubuhi, ikarudi mchana na siku iliyofuata. Dagaa walioanikwa jana yake walianza kunuka, na hasara ikawa ya mtaji mzima. Sikumdanganya, ila nilimjibu swali ambalo halikuwa na maana kwake. Kwa mtu wa Kigoma, swali la kujiuliza ni kile kitu kilichoko baharini kimekaa wapi, na kinavuta hewa kutoka wapi.

Tangu hapo nimejifunza kufuatilia mambo haya kwa utaratibu, na nauandika hapa kwa yeyote mwenye simu, kuanzia mwanika dagaa wa Kibirizi hadi nahodha wa boti la Kagunga na mkulima wa Kasulu. Wa Tabora pia unawahusu, kwa sababu msimu wetu wa mvua ni mmoja.

HATUA YA KWANZA: Jua unachokitazama

Kwetu wimbi ni la maji. Wataalamu wa hali ya hewa wana wimbi jingine, la hewani. Fikiria upepo unaovuma kutoka mashariki kwenda magharibi kama mkeka mrefu uliotandikwa. Mahali mkeka unapojikunja, mgandamizo wa hewa hupungua kidogo, hewa hupanda, mawingu hukusanyika. Mkunjo huo husafiri pamoja na upepo, na ndio huitwa wimbi la kitropiki. Hauna jicho, haujaanza kuzunguka, na ukiwa chini yake unachokiona ni siku moja au mbili za ngurumo.

Mawimbi yanayojulikana zaidi duniani huzaliwa katika bara letu hili, lakini kaskazini ya ikweta. Huanzia upande wa nyanda za juu za Ethiopia na milima ya Darfur, hupita juu ya Sahel, na hutoka baharini upande wa Senegal. Kila siku tatu hadi tano hutoka jingine. Kwa mwaka hufika kama 60. Mengi huvuka Atlantiki yote bila kuwa chochote. Hata hivyo, vimbunga vikubwa vya Atlantiki, karibu 85 katika kila 100, vina asili hiyo. Beryl, kilichofika daraja la 5, la juu kabisa, mwanzoni mwa Julai 2024, mapema kuliko kingine chochote kilichorekodiwa katika bahari ile, kilianza hivyo hivyo: mkunjo wa upepo uliotoka Afrika.

Nasisitiza kwamba mawimbi hayo hayapiti Kigoma. Yakichacha huko, Julai hadi Septemba, sisi tuko kwenye kusi na vumbi. Ukiona habari za kimbunga cha Marekani mwezi wa nane, hazina uhusiano na paa lako.

Ya kwetu hutoka Bahari ya Hindi. Huko chanzo chake mara nyingi ni Ukanda Mvua, ule mstari ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na ambao kuanzia Desemba hadi Machi huwa umeshuka kusini ya ikweta. Ndani ya ukanda huo hujitokeza vifundo vya mawingu. Vingi huyeyuka. Kimoja kimoja hushika.

Sasa majina ya ukuaji, maana hapa ndipo sauti za WhatsApp hupotosha. Kifundo kikianza kuzunguka huitwa mgandamizo mdogo wa hewa. Upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa kinakuwa dhoruba ya kitropiki na kinapewa jina. Ukifika kilomita 118 ndipo katika bahari yetu huitwa kimbunga kamili. Jina hutolewa na Madagascar ikiwa dhoruba iko magharibi ya nyuzi 55 za longitudo, na Mauritius ikiwa mashariki yake. Orodha huenda kwa alfabeti na huanza upya kila msimu. Hidaya ya 2024 ilianza na H kwa sababu ilikuwa ya nane. Kwa hiyo mtu akikutumia sauti ya "kimbunga kikubwa" kisicho na jina, hicho bado hakijafika hata kilomita 63.

HATUA YA PILI: Tazama kalenda

Msimu wa bahari yetu ni Novemba hadi Aprili, na nyakati nyingine humwagika hadi Mei. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kilichovunja Zanzibar kilitokea tarehe 15 Aprili 1872, na kilichopiga Lindi kilitokea tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, mwaka 1952. Mwezi ule wa 1872 Livingstone alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi, na Stanley aliyeagana naye mwezi mmoja nyuma alikuwa njiani kurudi pwani akipita kwenye mafuriko. Merikebu za Sultani zilivunjika bandarini, huku nyumba ya Kwihara ikiwa imesimama pale pale, na leo pale pana makumbusho. Umbali kutoka Kigoma hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na kimbunga kikishakanyaga nchi kavu kimeachana na chakula chake.

HATUA YA TATU: Pima umbali wake na ikweta

Fungua programu ya ramani ya upepo kwenye simu. Mimi hutumia Windy, lakini zipo nyingine. Gusa katikati ya mawingu unayoyatilia shaka, usome latitudo. Ikiwa ni chini ya nyuzi 5, kaskazini au kusini, hapo hapatazaliwa kimbunga, isipokuwa kwa nadra sana.

Sababu ni mzunguko wa dunia. Hewa inayokimbilia mahali penye mgandamizo mdogo hupindishwa na dunia inayozunguka, na ule upindo ndio unaoifanya izunguke badala ya kuingia moja kwa moja na kulijaza shimo. Kwenye ikweta upindo huo ni sifuri. Unaongezeka kadiri unavyosogea mbali. Kigoma mjini na Tabora mjini zote ziko karibu kabisa na nyuzi 5 kusini, yaani ukingoni mwa eneo hilo salama. Ndiyo maana pia Tanga hupata vimbunga mara chache mno, na Mtwara ina hofu ya kweli. Vingi vikishazaliwa huelekea magharibi kisha hujikunja kwenda kusini, kwa Madagascar na Msumbiji. Kenneth, Aprili 2019, ilitishia Mtwara hata watu wakahamishwa, kisha ikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma.

HATUA YA NNE: Kagua moto, mvuke na upepo wa juu

Hapa ndipo unapoamua kama wimbi lina maisha. Aliyewahi kukaa na wanaopika chikichi kwenye mapipa pale Mwandiga atanielewa haraka. Kuni zikikolea chini, povu hupanda, pipa zima huchemka kwa sauti moja. Chomoa kuni mbili, povu hushuka. Mwaga kata ya maji baridi juu, hushuka. Upepo ukipenya na kuupeleka moto upande mmoja, pipa huchemka upande huo tu na mwingine hulala.

Moto wa kimbunga ni bahari. Maji ya juu yanatakiwa yawe na nyuzi joto 26.5 au zaidi, na joto hilo lishuke hadi mita kama 50. Watu hulisahau hili la kina. Dhoruba yenyewe huyavuruga maji. Kama chini kuna baridi, huipandisha juu na kujizimia moto. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kwa jina lingine: kusi likivuma wiki nzima, maji ya upande wa kusini wa ziwa hupoa, kwa sababu ya juu yamesukumwa na ya chini yamepanda. Kwenye Windy, chagua joto la bahari uone rangi ilivyo kwenye njia yote ya mbele ya wimbi, usiishie pale lilipo leo.

Kiungo cha pili ni unyevu wa hewa ya kati, kilomita tatu hadi sita juu. Mvuke ukipanda na kugeuka matone huachia joto, joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, na hivyo mgandamizo wa chini huzidi kupungua. Hewa kavu ikiingia ni ile kata ya maji baridi. Mawimbi mengi ya Atlantiki hufa kwa sababu ya hewa kavu na vumbi la Sahara.

Cha tatu ndicho ninachokiangalia kwanza siku hizi, maana kinaua mengi: tofauti ya upepo wa chini na wa juu. Kama chini unavuma kutoka mashariki taratibu, na juu kabisa unavuma kwa kasi kutoka magharibi, mnara wa mawingu hukatwa shingo. Kwenye picha ya setilaiti utaona mawingu yamerundikana upande mmoja na kitovu kimeachwa uchi upande mwingine. Ukiona hivyo, mwambie mwenzako atulie. Pepo za juu zikiwa dhaifu, au zikielekea upande mmoja na za chini, mnara husimama.

Cha nne ni kuwe na mzunguko uliokwisha kuanza. Joto na unyevu bila kitu cha kuvikusanya hutoa mvua za ngurumo za kawaida, basi.

Jobo, Aprili 2021, ni mfano mzuri kwa Mtanzania. Kilikuwa na jina, kilikuwa kinaelekea Dar es Salaam, nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Kikadhoofika njiani na kufika pwani kimekwisha nguvu. Watu wengine walisema Mamlaka ya Hali ya Hewa imedanganya, na maneno hayo yaliniuma. Tahadhari ilitolewa kwa kilichokuwepo. Kilichotokea baadaye ni kuni kuchomolewa.

HATUA YA TANO: Tazama kwa saa ile ile, asubuhi tatu

Mawingu ya baharini yana desturi ya kuvimba usiku kuelekea alfajiri na kunywea mchana. Mtu akitazama picha ya setilaiti saa kumi na moja alfajiri atasema, "Limekuwa jitu!" Akitazama saa tisa alasiri atasema, "Limekufa." Wote wawili wameona kitu kile kile.

Kwa hiyo chagua saa moja. Mimi nimechagua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Siku ya kwanza natazama na kuandika latitudo, longitudo, na mstari mmoja wa maelezo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu najiuliza: yale mawingu bado yapo mahali pamoja yakiwa rundo, au yametawanyika? Je, pembeni yake kuna mikia inayojikunja kama nywele zinazozunguka utosi wa mtoto? Mikia hiyo ndiyo dalili ninayoiamini. Rundo kubwa jeupe lisilo na mikia linaweza kutoweka kabla ya adhuhuri.

Asubuhi tatu zinatosha.

HATUA YA SITA: Soma asilimia, na uwe mgumu kwa ramani za siku kumi

Kituo cha Marekani kinachoangalia Atlantiki hutoa uwezekano wa wimbi kukua ndani ya siku saba: chini ya asilimia 40 ni mdogo, 40 hadi 60 ni wa kati, zaidi ya 60 ni mkubwa. Kwa bahari yetu jukumu hilo liko kwa kituo cha kanda kilichopo kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hufuatilia na kutafsiri maana yake kwa nchi yetu. Asilimia 30 maana yake ni kwamba mawimbi kumi yanayofanana na hilo, matatu hukua na saba hayakui. Lisipokua, aliyesema 30 hakukosea.

Kuhusu ramani za siku kumi zijazo: ukiivuta saa ya Windy mbele, mara nyingi utaona duara jekundu la kutisha limekaa Mlango wa Msumbiji, ile bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagascar. Mtu anapiga picha ya skrini, anaituma. Fanya jambo moja kabla ya kuamini. Badilisha modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri huo. Ikiwa unatazama ya Marekani, weka ya Ulaya. Ikiwa ya pili haina kitu, au duara limekaa kilomita 1,500 kutoka lile la kwanza, huna habari. Zikikubaliana, na muda uliobaki ni chini ya siku tano, hapo una jambo la kufuatilia.

Na sauti isiyo na jina la msemaji, isiyo na tarehe, inayosema "sambaza kwa uwapendao": usiisambaze. Nenda ukurasa wa Mamlaka, utazame taarifa yao ya siku tano ya hali mbaya ya hewa. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake huandikwa mikoa. Tafuta Kigoma kwa jicho lako.

HATUA YA SABA: Chora duara mchangani

Hii ndiyo hatua niliyoikosa siku ile, na ndiyo ninayotaka uijue kuliko zote.

Nilirudi Katonga baada ya ile hasara. Nikamwomba mama mdogo kijiti, nikachora Tanzania mchangani kati ya vichanja viwili, kaskazini kuelekea Gombe. Ziwa nikaliweka kushoto, bahari kulia, na nyuma ya ziwa Kongo na msitu wake. Kulia chini, upande wa Madagascar, nikachora duara. Kusini ya ikweta vimbunga huzunguka kama mikono ya saa. Nikamwambia apitishe kidole chake juu ya duara kama mkono wa saa unavyokwenda. Akapitisha. Kidole kilipofika sehemu ya juu ya duara kikawa kinatoka kushoto kwenda kulia.

Akanyamaza kidogo. "Yaani kinavuta kutoka Kongo."

Ndivyo. Kimbunga kilichoko kusini mashariki yetu, hata kikiwa mbali kilomita 2,000, huweza kugeuza upepo wa juu ya Kigoma. Kwa kawaida upepo wetu hutoka mashariki au kusini mashariki. Ukigeuka ukatoka magharibi, unaleta hewa iliyokaa juu ya msitu wa Kongo, iliyolowa, na hewa hiyo ikifika kwenye milima ya ukingo wa ziwa inalazimika kupanda. Mvua yake si ya ngurumo ya dakika arobaini. Hukaa, hunyesha usiku, hurudi mchana.

Kwa hiyo mahali ni kila kitu. Kikiwa mashariki ya Madagascar, upepo wa Kongo huweza kuvutwa mpaka Kigoma, Kagera, hata Kenya. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na mvua za Afrika Mashariki mwezi ule zilikuwa kubwa mno. Kikiwa ndani ya Mlango wa Msumbiji, sehemu kubwa ya hewa hiyo huelekea zaidi Rukwa, Mbeya na Malawi, nasi hupata pembezoni. Kikisogea karibu na Mafia au Lindi, pwani ndiyo yenye taabu, na huku bara usishangae anga likiwa jeupe, kwa sababu unyevu wote umeitwa huko. Na kikiwa katikati ya bahari, mbali na Mauritius kuelekea Australia, endelea na kazi yako, ila usikifute kwenye daftari. Freddy ilizaliwa karibu na Australia mapema Februari 2023, ikavuka bahari nzima, ikapiga Madagascar tarehe 21, Msumbiji tarehe 24, ikarudi majini, na ikaipiga Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi.

Jambo la kuangalia kwenye simu ni hili: kwenye Windy, panda kwenye urefu wa mita 1,500, unaoandikwa 850, na utazame mishale juu ya Kigoma. Ikitoka Kongo leo, na utabiri unasema itatoka Kongo kesho na kesho kutwa, jiandae kwa mvua za mfululizo. Usijali kama kile cha baharini kina jina au hakina. Mgandamizo mdogo usiowahi kuwa kimbunga unaweza kuvuta hewa ile ile. Idai kabla haijapewa jina, mwanzoni mwa Machi 2019, ilikuwa mgandamizo tu ulioingia Msumbiji na kuleta mafuriko huko na Malawi. Ndipo ikarudi baharini, ikawa kimbunga, ikapiga Beira usiku wa tarehe 14.

HATUA YA NANE: Ziwa lina dhoruba zake

Ziwa Tanganyika haliwezi kuzaa kimbunga. Maji yake ya juu hufika hata nyuzi 26 au 27, hilo kweli, lakini upana wake kwa wastani ni kilomita 50, na dhoruba ya kitropiki huhitaji mamia ya kilomita za maji ili izunguke.

Lakini wenzetu waliozama hawakuuawa na kimbunga. Waliuawa na mawingu ya ngurumo ya nusu saa. Katika msimu wa mvua, usiku, hewa ya baridi huteremka kutoka milima ya pande zote mbili, ya kwetu na ya Kongo, hukutana juu ya maji yenye joto, na mawingu hupanda pale pale walipo wavuvi na taa zao. Dalili yake kila mvuvi mzee anaijua: upepo hukatika ghafla, kukawa na ukimya usiopendeza, kisha hupiga ubaridi kutoka upande wa wingu na mstari mweusi huonekana ukija juu ya maji. Ukishauona mstari umechelewa. Hesabu mapema zaidi. Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Zikiwa sekunde 30, wingu liko kilomita 10 na wewe tayari uko kwenye hatari. Vuta wavu, elekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama si mwalo wako.

Angalizo la Mamlaka la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 husikika dogo kwa mtu aliyezoea kusikia habari za vimbunga. Kwa boti la mbao lililojaa abiria na magunia kwenda Kalya, mita 2 ni ukuta. Nahodha akisema tunaondoka, muulize kama ameona taarifa ya leo. Una haki ya kushuka. Nimewahi kushuka peke yangu pale Kibirizi, mizigo yangu nikaiacha ndani, na sijutii.

HATUA YA TISA: Amua kwa kazi yako

Mwanika dagaa: upepo wa Kongo ukionekana kwa siku mbili mbele, usinunue mzigo mzima. Nunua nusu, anika juu ya kichanja na si mchangani, na uwe na turubai la kutosha kufunika kabla ya giza. Dagaa wa chanja hupitiwa na hewa chini na juu, na mvua ikikatika kwa saa tatu tu huanza kukauka tena. Wa mchangani hulala kwenye maji.

Mkulima wa maharage Kasulu au Buhigwe: kama yamekauka shambani, yang'oe kabla ya siku hizo, hata kama ni kazi ya taa. Yakilowa yakiwa kwenye maganda huota.

Mwenye tumbaku Urambo au Kaliua: ingiza kuni ndani ya bani, lile banda la kukaushia, mapema. Majani yanaweza kusubiri siku moja shambani, ila kuni mbichi zitakuharibia majani yaliyokwisha kuingia.

Aliyejenga bondeni au karibu na maji asingoje jina la kimbunga. Azibue mtaro leo.

Mama mdogo sasa ana daftari la kurasa 48, jalada lake limejaa magamba ya dagaa. Kila asubuhi ya masika anaandika mstari mmoja: upepo unatoka wapi, wingu limekaa wapi, ameanika kiasi gani. Wiki iliyopita nilipopita alinionyesha ukurasa bila kuniuliza chochote. Ulikuwa umeandikwa: "Kongo, siku ya pili. Nimeanika nusu. Turubai lipo."